Mdoli Kitandani, Mama Nje ya Mlango

Mwaka 1949 mzazi wa London aliyemlaza mtoto wake Guy's Hospital aliruhusiwa kumwona Jumapili peke yake, kuanzia saa 8 mchana hadi saa 10. St Bartholomew's walifungua mlango Jumatano, kwa saa moja na nusu. St Thomas's walikuwa wagumu kuliko hao: mwezi wa kwanza mzazi hakumwona mwanawe akiwa macho hata mara moja, ila angeweza kufika jioni, kati ya saa 1 na saa 2, akamchungulia amelala. Saa hizo zilichapishwa mwaka huohuo katika jarida la The Spectator, na kila ninapozisoma moyo unaniuma. Maana katika jiji hilohilo watu walikuwa wameanza zamani kuchanga kila Krismasi ili watoto waliolazwa wapate midoli. Mdoli uliruhusiwa kuingia, mama akabaki nje.

Mimi nilikuwa muuguzi wa wodi za watoto huku Pwani ya Tanzania tangu nikiwa msichana hadi nilipostaafu, na kwetu mambo yalikaa kinyume kabisa. Mtoto akilazwa, mama naye amelazwa. Kanga yake imetandikwa juu ya shuka la hospitali, chupa ya chai iko chini ya kitanda, na usiku vitanda vikijaa analala sakafuni kwenye mkeka, mkono ameuinua juu kushika mguu wa mtoto. Sijapata kufanya kazi na daktari aliyethubutu kumwambia mama aende nyumbani arudi Jumapili. Lakini mdoli haukuwepo. Kwa miaka mingi ya kazi yangu wodi nzima haikuwa na kitu cha kuchezea isipokuwa maboksi matupu ya dawa, na glavu tuliyoipuliza tukaifunga ikawa puto.

Ndiyo maana wanafunzi wa sekondari ya jirani waliponijia barazani mwaka huu sikutaka kuwajibu kwa neno moja. Walikuwa wamechangisha fedha muhula mzima: wameuza maandazi na juisi ya ukwaju wakati wa mapumziko, wameandaa mechi ya netiboli kati ya walimu na wanafunzi na kutoza kiingilio, wamesambaza kadi za mchango kwa wazazi. Wakaniamkia, wakakaa mkekani, na msichana aliyekuwa mweka hazina wao akafungua daftari. "Bibi, tunataka kuwanunulia midoli watoto waliolazwa. Tununue ipi?" Nikawaambia, wajukuu zangu, kabla hamjaenda dukani sikilizeni kwanza waliowatangulia walifanya nini.

Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ilifunguliwa London tarehe 14 Februari 1852 ikiwa na vitanda 10 tu. Mwanzilishi wake alikuwa Daktari Charles West, na haikupewa fedha na serikali. Iliishi kwa michango. Mwandishi Charles Dickens aliipigania kwa kalamu na kwa mdomo. Februari 1858 alisimama kwenye karamu ya kuichangia akahutubia matajiri, na miezi miwili baadaye akasoma kazi yake mbele ya watu ili kiingilio kiende hospitalini. Katika riwaya yake Our Mutual Friend, iliyotoka kwa mafungu mwaka 1864 na 1865, kuna yatima mdogo aitwaye Johnny anayepelekwa hospitali ya namna hiyo. Kitandani wamemwekea kibao kidogo, na juu ya kibao wamepanga safina ya Nuhu, farasi, ndege wa manjano na sanamu ya askari. Kabla hajakata roho anaashiria vyote vihamishiwe kitanda cha pili, kwa mtoto aliyevunjika mguu. Wako wanaosema Dickens alitia chumvi kwenye huzuni. Mimi nimeona mtoto wa miaka minne, mwenye dripu mkononi, akimpa jirani yake kizibo cha soda alichokuwa ameking'ang'ania tangu asubuhi. Sina sababu ya kukishuku kitanda cha Johnny.

Kutoka kibao hicho kimoja, desturi ikakua ikawa kubwa. Kuanzia mwaka 1880 gazeti la kila wiki lililoitwa Truth, la mbunge Henry Labouchère, lilianza kuwachangisha wasomaji wake kabla ya Krismasi. Fedha ilinunua midoli na vitu vingine vya kuchezea, na wanawake waliosoma gazeti hilo walipelekewa wanasesere watupu ili wawashonee nguo. Kisha vyote vilitandazwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall watu waje kuvitazama, na baada ya maonyesho vikagawiwa kwa watoto waliokuwa hospitalini na katika nyumba za maskini. Desturi hiyo iliendelea mwaka baada ya mwaka. Mtu aliyeketi jioni nzima na sindano, akimshonea gauni mwanasesere wa mtoto asiyemjua, alifanya jambo jema, na sitakubali mtu alidharau.

Wanafunzi nao hawakukaa pembeni. Kabla ya tarehe 5 Julai 1948, siku serikali ya Uingereza ilipoanza kutoa matibabu bila malipo kwa wote, hospitali nyingi za nchi hiyo zilitegemea sadaka. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, wanafunzi wa vyuo vikuu walizoea kuchagua siku au wiki moja katika mwaka, wakavaa mavazi ya vituko, wakazunguka mitaani na makopo wakikusanya sarafu kwa ajili ya hospitali za mji wao. Walipiga ngoma, wakaandamana kwenye malori, wakauza magazeti ya mzaha waliyoyaandika wenyewe.

Basi kama wema ulikuwepo, na fedha ilikuwepo, kwa nini mama aliachwa nje? Sababu ya kwanza ni hofu ya maambukizi, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kabla ya dawa za antibiotiki, surua au dondakoo ikiingia wodini iliweza kupita kitanda hadi kitanda. Hata vitu vya kuchezea viliogopwa. Kitabu cha watoto cha Margery Williams, The Velveteen Rabbit, kilichotoka mwaka 1922, kinasimulia juu ya sungura wa kitambaa wa mvulana aliyeugua homa nyekundu, na daktari anaamuru vitu vyote vya mtoto huyo vichomwe moto. Sababu ya pili inahusu kazi yetu sisi wauguzi, na ni nzito zaidi kuitaja. Mtoto akimwona mama hulia mama anapoondoka. Asipomwona, baada ya siku chache hunyamaza. Wodi iliyonyamaza ilionekana imetulia, na mtoto aliyenyamaza aliandikwa kwenye chati kuwa amezoea.

Aliyeonyesha kuwa kunyamaza kule hakukuwa kuzoea alikuwa Mskoti mmoja, James Robertson, mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa fundi wa boila na wa matengenezo katika makazi ya watoto yaliyoendeshwa na Anna Freud, mtaalamu wa saikolojia ya watoto, huko Hampstead, London. Kuanzia mwaka 1948 alifanya kazi na Daktari John Bowlby katika kliniki ya Tavistock, akiwatazama watoto wadogo mahospitalini siku hadi siku. Aliona hatua tatu. Kwanza mtoto hulia na kumwita mama. Kisha hukata tamaa akawa mkimya, hali, hachezi. Mwisho huchangamka tena, hucheka na kila muuguzi, lakini mama akija anamgeuzia uso kama mgeni. Madaktari hawakumwamini. Akachukua kamera akapiga filamu, A Two-Year-Old Goes to Hospital, iliyoonyeshwa mwaka 1952. Msichana aliyeitwa Laura, wa miaka miwili na miezi kadhaa, amelazwa siku 8 kwa upasuaji wa ngiri ya kitovu. Robertson alimpiga picha saa zilezile kila siku, na saa ya ukutani inaonekana, ili asije mtu akasema amechagua nyakati za kilio. Laura hapigi kelele nyingi. Amekumbatia dubu wake wa manyoya na blanketi lake la nyumbani, anauma midomo, mara kwa mara anauliza mama yuko wapi.

Dubu huyo ndiye niliyetaka wanafunzi wamtazame. Alimfaa sana Laura, kwa kuwa alitoka nyumbani na alinukia nyumbani, lakini hakuweza kufanya kazi ya mama. Filamu ilipoonyeshwa mbele ya madaktari na wauguzi katika Royal Society of Medicine, wengi walikasirika wakasema mtu huyu amewasingizia. Ilichukua miaka 7 mpaka kamati iliyoongozwa na daktari wa upasuaji Harry Platt ikatoa ripoti mwaka 1959 na kupendekeza wazazi waruhusiwe wakati wowote, mama wa watoto wadogo walazwe nao, na wodi ziwe na michezo na masomo. Hata hivyo mapendekezo yalikaa kwenye karatasi. Mwaka 1961 akina mama wa Battersea, London, waliunda umoja wao wakaanza kupita hospitali moja baada ya nyingine wakidai yatekelezwe. Na mwaka 1963 shirika la Save the Children lilimwajiri mtu wa kucheza na watoto katika Brook Hospital ya London. Hapo desturi iligeuka. Kwa zaidi ya miaka 80 watu walikuwa wamepeleka vitu. Sasa wakampeleka mtu.

Huku kwetu hatukumfukuza mama, lakini tusijitukuze kupita kiasi, kwani kilichomweka wodini kilikuwa mila pamoja na uhaba. Hospitali za kikoloni zilitenga watu kwa rangi. Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road ilijengwa kwa ajili ya Wazungu, na Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyotokana na fedha ya Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897. Jina lake bado liko kwenye jengo moja la Muhimbili, na nawaomba vijana wanaopita pale wajue kwamba kuchangia wagonjwa si jambo lililoletwa na wageni wa juzi. Wauguzi walikuwa wachache, kwa hiyo ndugu walipika, walifua, walimgeuza mgonjwa. Kazi yote hiyo ilimwangukia mama, na kwa ajili hiyo hakuna aliyeweza kumtoa. Kampala walilifanya jambo hili kuwa utaalamu: mwaka 1965 ilianzishwa hospitalini Mulago sehemu ya lishe iliyoitwa Mwanamugimu, ambako mama alikaa na mtoto mwenye utapiamlo na kujifunza kumpikia kwa vyakula vya shambani kwake mwenyewe.

Ni katika wodi ya utapiamlo nilikojifunza thamani ya mchezo. Mtoto wa unyafuzi, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, ngozi inabanduka, hakusumbui. Anakaa alipowekwa. Ukimpa kitu hakishiki, ukimchukulia halii. Mama anaona aibu, wenzake wanamtazama, naye ananyamaza kama mwanawe. Wakubwa wangu wa kazi walinifundisha nisitazame mzani peke yake. Nitazame siku atakapotabasamu, kwa sababu tabasamu huja kabla mwili haujanenepa. Nililiona likija tena na tena, na mara nyingi halikuja kwa maziwa tu. Lilikuja mtu alipoketi naye akagonga kopo kwa kijiko, akanyamaza, akagonga tena, mpaka mkono mdogo ukanyooka kutaka kijiko.

Nilikuwa sijui kwamba mambo hayo yalikuwa yakipimwa kisayansi ng'ambo ya bahari. Jamaika, Daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto waliolazwa kwa utapiamlo mkali, wakawa wanacheza nao kila siku wodini, na baada ya kuruhusiwa wakawafuata nyumbani kumwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mkono. Ripoti yao ya mwaka 1987, iliyowafuatilia kwa miaka 6, ilionyesha kuwa watoto hao walikuwa mbele kiakili kuliko wenzao walioponywa kwa chakula na dawa bila michezo. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kutibu utapiamlo mkali, na ndani yake, karibu na vipimo vya maziwa na dawa, ikaandikwa kwamba mtoto apate mchezo uliopangwa kwa dakika 15 hadi 30 kila siku. Mwongozo ukaonyesha pia namna ya kutengeneza vitu vya kuchezea kwa takataka safi.

Vitu vyenyewe ni hivi, na niliwataka wanafunzi waviandike kwenye daftari la hazina. Kopo lolote lenye mfuniko ni ngoma. Chupa ndogo inayoonyesha ndani, ikatiwa vipande vya plastiki vya rangi na kufungwa imara, ni kayamba ya mtoto mchanga. Mfuniko wa kopo usio na makali ni kioo cha kujitazama. Kopo lililotobolewa juu na chini, likapitishwa kamba na kutiwa vizibo ndani, ni gari la kuvuta linalopiga kelele. Vipande vitatu vya boksi vilivyolingana, vikabandikwa picha pande zote na kuunganishwa kwa uzi, ni kitabu. Mabaki ya kitambaa kutoka kwa fundi cherehani, yakakatwa sura ya mtu, yakashonwa na kujazwa, ni mdoli. Watoto wa kwetu hawangeshangaa. Wametengeneza magari ya waya yenye magurudumu ya ndala na mipira ya matambara tangu zamani. Kilichokuwa kipya kwangu ni kuona kopo na kizibo vimeandikwa na Shirika la Afya Duniani kama sehemu ya tiba.

Msichana mweka hazina akauliza, kwa sauti ya mtu aliyevunjika moyo kidogo, kama fedha yao basi haina kazi. Ina kazi kubwa. Marekani, wanafunzi wa chuo kikuu cha Penn State walianza mwaka 1973 kucheza dansi kwa saa 30 mfululizo ili wachangishe fedha. Mwaka ule walipata zaidi kidogo ya dola 2,000. Tangu 1977 wamejifunga na mfuko mmoja, Four Diamonds, unaosaidia familia za watoto wenye saratani wanaotibiwa hospitali ya Hershey. Siku hizi wanasimama saa 46 bila kukaa wala kulala, na kwa mwaka hukusanya zaidi ya dola milioni 10. Wingi wa fedha hiyo haunivutii sana. Kinachonivutia ni kwamba wamekaa na hospitali moja kwa miaka zaidi ya 40. Kizazi kimoja cha wanafunzi kinahitimu, kinachofuata kinapokea, na familia za wagonjwa zinajua watakuja.

Hata sisi tulikuwa na chetu. Baada ya Mwalimu Nyerere kutoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule zetu zilikuwa na mashamba na mabanda ya kuku, na mavuno yaliuzwa. Shule niliyosoma tulilima muhogo, na mwaka mmoja mkutano wa wanafunzi uliamua sehemu ya fedha inunue sabuni na nepi za wodi ya wazazi. Tulizibeba kichwani kwa mguu. Nadhani siku hiyo ndiyo niliyoamua kuwa muuguzi, kwa kuwa matroni alituruhusu tuingie, akatuonyesha maji ya kunawia na kutuambia kila kitu kitatumikaje.

Kwa miaka iliyofuata nimewapokea wodini wageni wengi wenye zawadi: Skauti, vikundi vya wanafunzi Wakristo vya UKWATA na vya Waislamu vya TAMSYA, shule zinazokuja tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Nawaheshimu wote. Lakini niliona jambo likijirudia ambalo liliniumiza sana. Midoli mizuri ilitolewa, picha zikapigwa, wageni wakaondoka; kisha, kwa kuwa ni mali ya hospitali na lazima iingizwe kwenye leja, ikafungiwa kabatini ili isiibwe. Niliwahi kuona gari jekundu limekaa kabatini mpaka betri zikavuja. Aliyefunga kabati hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na ufunguo mmoja na wagonjwa wengi, na hakuna aliyeandikwa kwenye zamu kuwa wa kucheza.

Kwa hiyo niliwaomba wanafunzi wasinunue midoli ya manyoya, maana haifuliki kila siku na wodi ina kikohozi na kuhara. Wanunue vitu vya plastiki ngumu vinavyooshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji ya klorini, visivyo na vipande vidogo vya kukaba koo, visivyotumia betri. Wanunue masanduku mawili yenye mfuniko, moja la vilivyooshwa, jingine la vilivyotumika, yakae wazi karibu na meza ya wauguzi. Kalamu za rangi na karatasi ziwepo kwa wakubwa, maana mtoto wa miaka 11 aliyening'inizwa mguu kwa kuvunjika paja husahauliwa na kila mleta zawadi. Fedha inayobaki ikae benki kwa ajili ya sabuni na klorini ya mwaka mzima.

Tumeshakwenda pamoja kwa muuguzi mkuu wa wodi iliyowakubali. Ametaka majina yao, chanjo zao, na barua ya mwalimu mkuu. Wataingia wawili wawili kila Jumamosi asubuhi baada ya madaktari kupita, wanawe mikono, wavae aproni, na watengeneze kopo na kitabu cha boksi mbele ya mama, pamoja na mama, ili akiruhusiwa aondoke navyo na ajue kuvitengeneza vingine. Wa kidato cha pili wameanza kufundishwa na wa kidato cha tatu, kwa sababu mwakani hawa wa tatu watakuwa kwenye mitihani.